Betri Kitandani

Wingu la mvua limeshatanda, mbegu zimeshafika shambani, na trekta haliwaki. Betri haipo! Mama mwenye shamba akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dereva, aliyekuwa mapumzikoni.

Aliikuta kitandani, imefunikwa blanketi gubigubi.

"Ningeiacha kule wangelichezea trekta langu," dereva alisema bila haya. "Lile ni kama mke wangu, mama. Halimjui mwanaume mwingine."

Mama akalitupa blanketi pembeni. Akaikumbatia betri, nzito kama jiwe la kusagia, akaiinua mwenyewe. Tindikali iliyovuja ikala gauni lake kifuani, hakujali.

"Basi leo nimewaachanisha," alisema mlangoni. "Na mwanaume mwingine hutamwona. Naliendesha mwenyewe. Wewe kesho njoo na jembe."