Hereni ya Paka

Kila asubuhi Mbwa alilala chali uani, Kuku akamdonoa kupe mmoja mmoja. Paka aliwatazama kutoka juu ya ukuta na kucheka.

"Shuka nawe ukaguliwe, shoga," Kuku alimwita.

"Mimi hujilamba mwili mzima," Paka akajibu. "Ulimi wangu hauachi mahali."

Siku moja, akinywa maji kwenye beseni, Paka alijiona. Pembeni pa sikio lake palining'inia kitu cha mviringo, cha kijivu, kinachong'aa. Akashuka uani kwa madaha.

"Mmeiona hereni yangu?"

Mbwa alinusa. Kuku akapinda shingo. "Nzuri. Umeipata wapi?"

"Imekuja yenyewe. Vitu vizuri hutujua sisi tulio wasafi."

"Na hiyo miguu inayochezacheza ni ya urembo pia?"

Kabla Paka hajajibu, Kuku alidonoa mara moja, akameza. Paka alijipangusa sikio, akaona tone la damu. Alitazama huku na huku kama kuna mwingine aliyeona, kisha akajilaza polepole kando ya Mbwa.

"Hebu tazama na sikio la pili, dada," alinong'ona. "Hereni huwa mbili."