Sufuria Yenye Koki

Drili ilipiga yowe, cheche zikaruka, na sufuria kubwa kuliko zote nyumbani ikapata tundu ubavuni.

"Dada, umeitoboa!" mdogo wake alipiga kelele, mikono kichwani. "Umetoboa sufuria nzima!"

"Nimeitoboa," alijibu dada mtu, akacheka mpaka miwani ya kazi ikamteleza puani.

Alikuwa fundi bomba, na tundu halikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni ulimi wa mumewe. Bwana huyo alikuwa mwonjaji mkuu katika kiwanda cha bia, na mtaa mzima ulimwita Ulimi. Kutwa alionja, akatema, akatoa hukumu. Jioni alirudi akizungusha kidoleni shada la funguo lenye kifungulio cha chupa, kwa maringo kana kwamba kiu aliivumbua yeye.

Bia ya kwanza mkewe aliyoipika nyumbani aliionja funda moja tu, akaenda kuitemea kwenye chungu cha maua. "Mke wangu," alisema kwa huruma, "umepika mfuko."

Na kweli. Katika upishi ule, kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa na kulowekwa katika maji ya moto ndani ya sufuria, kama majani ya chai kwenye kifuko chake. Mfuko wa fundi ulikuwa umelalia kitako cha sufuria, ukaungua.

Ua halikufa, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Wakawekeana ahadi: glasi mbili, moja ya kiwandani, moja ya nyumbani. Ulimi akiitambua ya kiwandani, tundu linazibwa, sufuria inarudi kuchemsha maji ya kuoga, na habari za bia zimekwisha. Akikosea, atafua mfuko kila Jumamosi na kuuanika uani, majirani wakimtazama.

Basi fundi akafanya kazi huku akiimba. Alifunga koki kwa mipira miwili, mmoja ndani, mmoja nje, akajaza maji na kupitisha kidole chini: kukavu. Ndani akatandika sahani ya chuma yenye matundu, imesimama juu ya skrubu tatu, mfuko usiguse tena kitako. Kwenye boriti akaning'iniza kapi la kupitishia kamba. Siku ya kupika, mdogo wake alivuta kamba, mfuko ukapaa ukichuruzika, na wote wawili wakapiga vigelegele kana kwamba kuna mtoto amezaliwa. Bia ilipochacha, waliijaza kwenye chupa za plastiki zilizokuwa za soda, wakakaza vifuniko kwa mkono.

Siku ya hukumu Ulimi alikuja na chupa moja ya kiwandani, akamkabidhi shemeji yake jikoni, kisha akaketi sebuleni na kujifunga leso shingoni.

"Ya kiwandani itie kwenye glasi yenye ua," fundi alimnong'oneza mdogo wake. "Yangu kwenye isiyo na ua."

Jikoni droo zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Vijiko vikamwagika sakafuni.

"Shemeji, koo limekauka!" Ulimi alipaza sauti, funguo zikizunguka kidoleni. "Au mmeogopa?"

Mdogo mtu akatokea mbio, akazitua glasi mbili mezani. "Anzeni na hizi!" Akatoweka tena jikoni.

Rangi moja, povu moja. Fundi nusura aruke kwa furaha. Ulimi alinusa, akafumba macho, akasukutua, akameza. Kisha ya pili.

"Hii," Ulimi alisema, akiinua glasi yenye ua, "ni yetu. Miaka kumi na tisa nipo nayo, hata mkinizindua usingizini nitaitambua. Safi, imetulia, haina papara." Nyingine akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja. "Hii, pole mke wangu. Umejitahidi sana. Lakini mfuko bado nausikia."

Moyo wa fundi ulianguka pu! Amepatia. Alilifikiria tundu lake zuri likizibwa, na kapi likishushwa, akahisi machozi yanamlengalenga. Hata hivyo akanyoosha mkono kumpongeza, maana ahadi ni ahadi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mdogo wake alikuwa amekumbatia chupa ya kiwandani, jasho likimtiririka.

"Shemeji, niazime hicho kifungulio chako, nimepekua jikoni nzima sioni kingine," alisema. "Hii hata kizibo bado hakijatoka. Sikutaka mkae na kiu, ndiyo maana hizo zote mbili nimewawekea ya dada."