Ubeti wa Tatu

Wimbo ulikatika, na Jovin akainamisha kichwa.

Alikuwa juu ya ngazi, kwenye mdomo wa pipa refu la mbao, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa chini, akikwangua machicha ya sake, pombe ya mchele ya Kijapani. Biashara yao ya jinzi ilikuwa imekufa, na kiwanda hiki pembeni mwa Guangzhou kiliwapa kibarua bila kuuliza viza.

Fundi Mjapani, ambaye ukoo wake unapika sake hivi tangu enzi za mababu, aliwaonya asubuhi. Pombe ikichachuka huacha hewa inayoua, na hewa hiyo hulala chini ya pipa. Kwa hiyo wa ndani aimbe. Akinyamaza, wa juu avute.

"Niimbe nini, kaka?"

"Imba ule wetu wa Ijumaa Kuu."

Kanisani kwao, wimbo ule ukifika mwisho wa ubeti wa tatu, watu wote hunyamaza. Kila mmoja huomba kimoyomoyo, kisha huitikia kwa pamoja.

Mdogo wake aliufikisha hapo hasa. Sauti yake, ndani ya mbao zile, ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Jovin alifumba macho. Alimwombea apate nauli ya kurudi nyumbani, amkute mama mzima. Aliomba bila haraka, kamba imelegea mkononi.

"Amina," alisema, akavuta pumzi waanze kiitikio pamoja.