Uzi wa Bluu Kikapuni

Nilichomeka kidole kwenye kikapu cha maua nione kama kina maji, nikagusa uzi katikati ya majani mabichi yaliyotandikwa chini ya maua.

Uzi wa bluu. Niliufunga mwenyewe kinamasini ninakofanya kazi, kupima ukuaji wa kuvumwani, yale majani laini yanayotanda juu ya tope kama zulia. Sehemu ile nilimwonyesha mtu mmoja tu: mdogo wangu wa tumbo moja.

“Umeyang'oa,” nilimwambia.

Hakuinua macho. Aliendelea kupanga maua dukani kwake. “Si majani tu, dada? Yataota tena.”

“Yanaulowesha udongo, hewa isiingie na mabaki ya mimea ya chini yasioze. Ukikauka, hewa ya ukaa iliyofungiwa chini tangu enzi za mababu inatoka yote. Nilikueleza.”

“Ulinieleza pia yanashika maji kuliko sponji. Wateja wanayapendea hilo.”

Nyuma yake magunia ya kuvumwani yalikuwa yakichuruzika maji ya kahawia sakafuni.

Mteja aliyekuwa akinusa waridi aligeuka. “Kwani majani haya mnayatoa wapi?”

Mdogo wangu alinishika bega, kwa upendo kabisa.

“Muulize dada yangu huyu. Yeye ndiye aliyenionyesha.”