Somo la Hotuba kwa Mzee Nsabimana

"Katika nyumba hii hakuna binti," alisema mwalimu Silvère mbele ya wageni wote, na huo ukawa uongo wake wa kwanza siku hiyo. "Iko kuku, iko na mbuzi mmoja mgonjwa. Labda mumepotea njia."

Wageni wakacheka na kupiga makofi. Walikuwa wamekuja Rwezamenyo na suti zao nzuri na vibuyu vya pombe ya ndizi, Jumamosi hiyo ya mwaka 1991, na wote walijua kwamba ukienda kuposa, msemaji wa upande wa binti lazima akatae kwanza. Akikupa binti upesi, utajiuliza ana kasoro gani.

Nyuma kabisa, kwenye benchi karibu na masufuria, walikaa wanafunzi wake wa mwaka wa tano, kalamu mkononi. Wakubwa wao wa mwaka wa sita walikuwa na shughuli zao. Mwalimu aliwafundisha kuchambua matangazo ya redio, barua za wasomaji gazetini na hotuba za wakubwa, maana mtihani wa lugha hupenda mambo hayo, na leo alitaka waione hotuba ikiwa hai. "Msiamini neno mpaka mjue msemaji anataka nini," ndiyo ilikuwa sala yake darasani. "Akufukuzaye hakwambii toka."

"Kejeli," alinong'ona Gwiza, msichana wa mbele katika darasa hilo, akaandika.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha kwa kila mtu. Binti aliyekuwa akiposwa, Alida, alikuwa hodari kuliko wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha mwalimu Silvère, na baba yake, mzee Nsabimana, alikuwa amekata shauri kumwoza kwa Eustache, muuza matairi, kabla hajamaliza shule. Mwalimu alikwenda kumsihi.

"Mwanamke mwenye diploma atamuuliza bwana yake alikuwa wapi," mzee alimjibu. "Eustache hataki mambo ya mitihani."

Kisha, ili kumziba mdomo, akampa heshima ya kuwa msemaji wa familia. Mwalimu aliinamisha kichwa akakubali. Hata wanafunzi wake walimwonea aibu.

Sasa Viateur, msemaji wa Eustache, alisimama, tumbo likitangulia. "Mwarimu, sisi tumeona nguo kwenye kamba yenu. Kuku wa hapa wanavaa sketi?"

Makofi tena. Mwalimu akakiri kwamba binti yupo, ila amejiunga na watawa na ameshaweka nadhiri. Huo ulikuwa uongo wa pili. Viateur akajibu kwamba mtawa huyo walimwona sokoni juzi akigombania bei ya nyanya, tena akashinda.

Mwalimu aliitazama saa yake, akaanza kusimulia ukoo wa binti. Alianzia kwa babu wa babu. Alieleza ng'ombe wa babu huyo, rangi zao, hata tabia zao. Kivuli cha hema kikahama, wali ukapoa, mtoto mmoja akalala na kuamka. Mzee Nsabimana akamvuta koti.

"Mwarimu, fupisha basi. Watu iko na njaa."

"Subira yavuta heri, mzee."

Kwenye mlango wa chumba cha ndani, ambamo bibi harusi hukaa mpaka aitwe, shangazi Annah alikuwa amekalia kigoda. Yeye mwenyewe aliozwa akiwa bado na begi la shule. Mama wa Alida, Pudentienne, alileta sahani ya chakula cha binti. Shangazi akaipokea, akasema binti asisumbuliwe, analia. Mama alipoondoka, shangazi akala.

Hatimaye mwalimu akafika kwenye jambo la tatu.

"Basi niseme kweli. Alida hayumo humu ndani. Amekwenda kufanya mtihani wa taifa. Sasa hivi tunavyoongea, ameshika kalamu."

Hema zima lilitikisika kwa kicheko. Eustache alijifuta machozi kwa tai yake. Mzee Nsabimana alicheka kuliko wote, huku akijipongeza kwa kuchagua msemaji. Gwiza akaandika "kutia chumvi" na kupiga mstari chini yake.

"Anayeanza na 'niseme kweli' ndiye wa kumwogopa," alimnong'oneza mwenzake.

"Mtihani wake uko kwetu, jikoni!" alipaza sauti Viateur.

"Lakini mumenisikia?" aliuliza mwalimu.

"Tumekusikia!"

"Mzee Nsabimana, na wewe umesikia?"

"Yego, mwarimu, nimesikia! Endelea!"

Hapo mwalimu akaketi, wala hakubisha tena. Ng'ombe wakakubaliwa, vibuyu vikafunguliwa, wazee wakapokezana mrija. Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Mama Pudentienne akaingia kumleta binti, na shangazi Annah akainuka taratibu kwenye kigoda chake, akampisha.

Mama alirudi peke yake. Mikononi alikuwa na mshanana, vazi la bibi harusi, bado umekunjwa ulivyotoka kwenye pasi. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, na watu wote wakamgeukia mwalimu Silvère.

Naye alikuwa akiitazama saa yake.

"Karatasi ya mwisho wameshaikusanya," alisema. "Niliwaambia."