Piko Kwenye Mguu wa Kushoto

Msichana anayenichora maua ya piko alimaliza mguu wangu wa kulia, akaanza kufunika kibakuli chake.

"Huo wa kushoto uache ndani ya khanga," alisema somo yangu anayenifunda, akinifunika tena magoti. "Shangazi zake bwana harusi ndio hao wanaingia. Tulia basi, Munira."

Nitulie vipi? Tangu asubuhi niko kwenye mkeka, hapa kwetu Tandika, jasho linanitoka kwenye kigutu, nauficha mguu wa bandia kama nimeuiba. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyenipeleka kuupima. Ndugu zake wameambiwa nilipata ajali, nikapona. Mama anasema watajua mbele ya safari.

Mbele ya safari ni wiki ijayo, nyumba moja na hao shangazi. Nitauvulia wapi? Nitaruka na mguu mmoja kwenda chooni, nikiwavizia walale, mpaka lini?

Barazani viatu vikaanza kuvuliwa. Hodi ikapigwa.

Nikaitupa khanga pembeni. Nikaunyoosha mguu mkekani, mpira wa rangi ya chai ya maziwa, vidole vitano vimeshikana, havina kucha.

"Paka na huu."

Msichana wa piko alimtazama somo, kisha akaniinamia. "Kwenye mpira haifutiki, dada. Itabaki hivyo hivyo."

Pazia la mlangoni likasogea. Vicheko vya wageni vikakatika.

"Najua," nikamwambia. "Anzia vidoleni."