Mwahija Juu ya Meza

Bombani walinong'ona kwamba mwalimu wa Kiingereza anafundisha vivumishi kwa kumsimamisha Mwahija wangu juu ya meza, wenzake wamtaje alivyo. Maneno hayo hayakunitoka akilini, nikaenda.

Nilimkuta hapo juu kweli, pekupeku, mguu mmoja ukificha magaga ya mwingine. Kiingereza changu kidogo kilitosha kuelewa darasa likiimba: mfupi, mchafu, mbaya.

"Shikamoo, Mama Mwahija," mwalimu akasema.

Sikumwitikia. "Mwanangu, shuka. Mwalimu, panda wewe."

Akacheka, mpaka nilipoishika fimbo yake. Akapanda.

"Haya watoto, mwalimu wenu yukoje?"

Mwahija akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Wazazi wenzangu, epukeni haya: kungoja kikao cha shule, kumwitikia mwalimu marahaba, kumhurumia akiomba kushuka, na kuondoka kabla watoto wote hawajajibu.